Mzazi mwenye kiwewe: atibiwe kwanza, au afundishwe malezi kwanza?

Tangu Serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, habari za malezi chanya zimefika mbali: kliniki za watoto, makanisani, misikitini, redioni, hadi kwenye vikao vya vikoba. Neno kiwewe nalo limezoeleka, na kwa sisi wa kaskazini halikuja kwa raha. Mei 6, 2017 basi dogo la wanafunzi wa Lucky Vincent la Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, likaua watu 35, na 32 kati yao walikuwa wanafunzi. Februari 1, 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada iliyofanyika Majengo, Moshi. Baada ya misiba ya namna hiyo, mzazi aliyezika mtoto mmoja hurudi nyumbani kulea waliobaki.

Mazungumzo haya mawili, ya malezi na ya kiwewe, yanakwenda sambamba bila kukutana. Kwenye semina ya malezi mzazi anaambiwa asimpige mtoto, amsikilize, acheze naye. Akienda kliniki ya afya ya akili, mzazi huyo huyo anaulizwa habari za usingizi, ndoto na mapigo ya moyo, na mara nyingi hakuna anayemuuliza kama ana watoto. Ndipo watu wanapobaki na swali: mtu aliyeumizwa kiasi hicho atibiwe kwanza ndipo afundishwe kulea, au aendelee kulea na tiba itafuata? Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema watoto wake wapelekwe kwa ndugu mpaka apone. Naandika makala hii kwa sababu naamini majibu yote hayo yanakosea mahali pamoja. Yanamtenganisha mgonjwa na mzazi, ilhali ni mtu mmoja na jioni anarudi nyumba moja.

Tuelewane kwanza juu ya maneno

Msongo wa mawazo ni uzito wa maisha ya kila siku: ada ya shule, kodi ya nyumba, mgonjwa aliyelazwa. Uzito ukipungua, mawazo nayo hupungua. Sonona ni ugonjwa: huzuni au kukosa hamu ya chochote karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, hamu ya kula na nguvu za mwili vikivurugika. Majonzi ya msiba si ugonjwa, hata yakiwa makali kiasi gani.

Kiwewe ni jeraha la ndani linaloachwa na tukio lililotishia uhai au utu wa mtu: ajali, kubakwa, kipigo cha mara kwa mara, vita, moto, kumwona mtu akifa, au kunusurika kifo wakati wa kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 70 kati ya 100 watapitia tukio la aina hii angalau mara moja maishani. Wengi wao watatetemeka, watakosa usingizi, watalia, kisha taratibu watarudi katika hali yao, hasa wakizungukwa na watu wao. Wachache, kama asilimia 5.6, jeraha halifungi. Hao ndio wanaosemwa kuwa na ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, ambao hospitalini wanauita kwa kifupi PTSD. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye mwongozo wao mwaka 1980, wakati nchi hiyo ikiwa bado inahangaika na askari waliorudi kutoka Vietnam.

Dalili zake zinakaa katika mafungu manne, nazo zinapaswa kuendelea zaidi ya mwezi mmoja. Tukio linarudi lenyewe, iwe kwa ndoto au mchana kweupe, kana kwamba linatokea sasa. Mtu anakwepa chochote kinacholikumbusha. Hisia na mawazo yanageuka: anajilaumu, haamini mtu, hajisikii furaha wala upendo aliokuwa nao. Na mwili unabaki macho muda wote, unashtuka upesi, unakasirika upesi, haulali.

Mwili wa mtu huyu ni kama mbwa wa getini. Wezi walipoingia usiku ule alibweka, na ilikuwa kazi yake. Shida ni kwamba tangu siku ile anambwekea kila mtu: muuza maziwa, jirani, hata mtoto wa nyumbani anayerudi kutoka shule saa kumi. Hajawa mbwa mbaya. Hajajua tu kwamba wezi wameshaondoka. Ukimpiga anazidi ukali. Kumfundisha mtoto apite getini kwa kunyata siku zote si dawa, lakini pia huwezi kumwambia mtoto asubiri barabarani miezi sita mpaka mbwa afundishwe upya. Lazima yote mawili yafanyike: mbwa afundishwe, na leo jioni mtoto apite salama.

Ugonjwa unavyoingia kwenye malezi

Watoto hupiga kelele, huangusha vitu, hulia usiku, hung'ang'ania shingoni bila kuomba ruhusa. Kwa mzazi ambaye mwili wake uko macho muda wote, hakuna hata kimoja hapo kilicho kidogo.

Tutunge mfano. Baba mmoja, dereva wa Noah za Moshi kwenda Marangu, alinusurika ajali iliyoua abiria wake wawili. Mguu umepona, leseni anayo, kazini amerudi. Nyumbani kwake Kiboriloni sufuria likianguka jikoni, kabla hata hajajua ni nini, ameshampiga kofi mwanawe wa miaka sita aliyeliangusha. Majirani wanasema, "Baba Kelvini siku hizi amekuwa mkali." Mkewe anadhani ni pombe. Yeye mwenyewe hana la kusema, maana dakika moja baadaye anajuta, na aibu inamfanya amkwepe mtoto siku nzima. Jumapili hataki watoto wapande gari kwenda kwa bibi yao. Kikao cha wazazi shuleni haendi, kuna watu wengi. Mtoto hajui lolote kuhusu ajali wala dalili. Anajua kwamba baba hampendi, kwamba akigusa kitu anapigwa, na kwamba pale baba za wenzake wanapokuwepo, wake hayupo.

Katika mfano huo ukali unaonekana na kila mtu, na ndio unaosemwa mtaani. Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi kwa sababu halina kelele: ganzi. Mzazi anampikia mtoto, anamwogesha, anamlipia ada, lakini ndani yake hakuna kinachosogea. Mtoto anamwonyesha daftari lenye alama nzuri, naye anasema "vizuri" huku macho yakiwa mbali. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliochunguza wanaume waliopigana Vietnam waligundua kwamba katika dalili zote za ugonjwa huu, ganzi ya hisia ndiyo iliyohusiana zaidi na uhusiano mbaya kati ya baba na watoto wake. Wala si ajabu. Mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mama akiambiwa akae mbele ya mtoto wake mchanga kwa dakika chache tu uso ukiwa mkavu, bila tabasamu wala neno, mtoto hujitahidi kumrudisha: hucheka, hunyoosha mikono, hupiga kelele. Akishindwa, huvurugika, analia au anageuza uso. Hakuguswa, hakutukanwa. Aliondolewa uso tu.

Tronick alionyesha jambo la pili ambalo watu huwa hawalisemi, nalo lina faraja: hata katika nyumba zenye afya, mama na mtoto hupishana sehemu kubwa ya muda. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana baada ya kupishana. Tutalihitaji hili mbele.

Halafu kuna watoto ambao wao wenyewe ndio kumbukumbu. Mama aliyebakwa akiwa na miaka 12 anaweza kulea vizuri kwa miaka mingi, kisha binti yake akitimiza umri ule ule jeraha likafunguka. Anaanza kumchunga kwa namna isiyopumua: asiende dukani, asilale kwa shangazi, asiwe na rafiki. Binti anaona anafungwa, mama anaona anaokoa. Mama mwingine alitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, akawasikia wauguzi wakisema anaondoka. Wamemrudisha nyumbani na mtoto mzima, ndugu wameleta mtori, kila mtu anamshukuru Mungu, naye kila akimwangalia yule mtoto moyo unaenda mbio. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba mama kama 4 kati ya 100 hupata ugonjwa huu baada ya kujifungua, na kwa waliopitia uzazi wenye hatari idadi inapanda hadi kama 18 au 19 kati ya 100. Mama huyu anaitwa mvivu, au asiye na upendo, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujiita hivyo.

Kwa nini kimoja peke yake hakitoshi

Mpeleke yule dereva kwenye semina ya malezi peke yake. Ataambiwa: ukikasirika, vuta pumzi, hesabu hadi kumi, kisha ongea na mtoto kwa utulivu. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye hasira yake inapanda taratibu. Kwake yeye mkono unatangulia mawazo, na hiyo kumi haipo. Atarudi nyumbani akiwa anajua vizuri zaidi kuliko jana kwamba anakosea, bila kuwa na uwezo mpya wa kuacha. Semina imemwongezea aibu, na aibu ni moja ya vitu vinavyolisha ugonjwa huu.

Sasa mpeleke kwenye tiba peke yake. Tiba zinazofanya kazi zaidi kwa ugonjwa huu ni zile zinazomrudisha mtu kwenye tukio kwa utaratibu na usalama, ili kumbukumbu ikae mahali pake kama jambo lililopita. Ni kazi nzito, na katika wiki za mwanzo mtu anaweza kujisikia vibaya zaidi kabla ya kupata nafuu. Mtu asiye na watoto atatoka kwenye kikao akalale. Mzazi anatoka saa tisa, saa kumi mtoto yuko mlangoni anadai uji, saa mbili usiku kuna kazi ya shule na mtoto mchanga analia. Asiposaidiwa kupanga jioni hiyo, ama mtoto ataumia ama mzazi ataacha tiba.

Hata akimaliza vizuri, nyumba haijasimama ikimsubiri. Mtoto amezoea kunyamaza baba akiingia. Mama amebeba adhabu zote na maamuzi yote. Binti amejifunza kutosema chochote kinachoweza kumtia mama hofu. Dalili za mzazi zimepungua, lakini mazoea yaliyokua kuzizunguka bado yapo, na hayaondoki kwa sababu daktari ameandika nafuu kwenye faili. Na vikao vinavyoandikwa kuwa 12 vya kila wiki, ukiweka nauli, mvua, misiba na siku mtaalamu asiyokuwepo, vinaweza kuchukua nusu mwaka. Kwa mtoto wa miaka miwili huo ni muda mrefu sana.

Kuunganisha kunafanyikaje

Kuunganisha si kumpa mgonjwa barua mbili, moja ya kliniki na nyingine ya semina. Maana yake ni kwamba mtu mmoja, au watu wawili wanaozungumza, wanajua kinachoendelea pande zote: jeraha limefikia wapi, na nyumbani hali ikoje wiki hii.

Upande wa jeraha kuna tiba kadhaa zinazotambulika. Moja ninaipenda kuitaja kwa sababu ilipimwa hapa Afrika Mashariki, katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi na baadaye Nakivale, Uganda. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiwemo Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert, walimpa mgonjwa kamba, mawe na maua. Kamba inatandazwa sakafuni kama mstari wa maisha yake tangu kuzaliwa. Ua linawekwa mahali palipotokea jambo jema, jiwe mahali palipotokea baya. Kisha, kikao hadi kikao, mtu anasimulia maisha yake kwa mpangilio, akikaa kwenye kila jiwe mpaka hofu ipungue, huku msikilizaji akiandika. Mwishoni anasomewa maisha yake yote. Walipoichapisha kazi hiyo mwaka 2004, na tena baadaye walipowafundisha wakimbizi wenyewe kuwahudumia wenzao, dalili zilipungua. Kwa mzazi kamba hiyo ina kitu cha pekee: watoto wake wako juu yake, mara nyingi kama maua, na ni vigumu kuzungumza juu ya ua bila kuzungumza juu ya kulilea.

Upande wa malezi, mambo yenyewe ni madogo na ya kila siku. Dakika tano hadi kumi kwa siku mtoto achague mchezo na mzazi afuate, bila simu, bila kufundisha. Kwa mzazi mwenye ganzi hilo si jepesi hata kidogo, na ndiyo maana linaanza kwa dakika tano. Kumsifu mtoto kwa jambo mahususi alilofanya. Kutoa amri moja, fupi, badala ya kelele za kutoka chumbani. Na, muhimu kuliko yote kwa mzazi huyu, kujua dalili za mwili wake kabla hajalipuka: taya linakaza, masikio yanavuma, mikono inapata joto. Hapo kuna sentensi iliyokubaliwa nyumbani mapema, kama "Baba anatoka nje kidogo, anarudi", na mtu mzima mwingine anayeshika zamu. Dereva wetu hawezi kuhesabu hadi kumi baada ya sufuria kuanguka. Anaweza kujifunza kwamba saa moja jioni, akitoka barabarani, mwili wake umeshafika ukingoni, hivyo akae nje robo saa kabla ya kuingia jikoni.

Halafu kuna kinachounganisha pande hizo mbili, na hiki huwezi kukipata kwenye kliniki peke yake wala semina peke yake. Kwanza, jioni ya siku ya kikao inapangwa kabla: nani atampokea mtoto shuleni, nani atapika, mzazi atalala saa ngapi. Pili, mzazi anasaidiwa kupata maneno ya kumwambia mtoto. Watoto wasioambiwa hujitungia maelezo, na katika maelezo hayo mara nyingi wao ndio wenye kosa. Mtoto wa miaka sita hahitaji habari za damu na maiti. Anahitaji sentensi tatu: "Baba alipata ajali mbaya. Mwili wake bado unashtuka haraka, na anakwenda kwa daktari atibiwe. Si kosa lako." Tatu, mzazi anajifunza kurudi baada ya kukosea. Huku kwetu, kwa Wachaga na kwa Waarusha, wapo wazee watakaosema mzazi haombi radhi kwa mtoto, atadharaulika. Nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao. Mtoto aliyepigwa bila kosa na akanyamaziwa anabaki na maswali peke yake. Mzazi anayesema, "Nilikupiga kwa sababu nilishtuka, haikuwa haki, najitahidi isitokee tena", hapunguzi heshima yake, anampa mtoto sababu ya kumwamini. Huko ndiko kurudiana alikokuonyesha Tronick.

Je, kuna ushahidi?

Upo, na unaongezeka. Huko San Francisco, Alicia Lieberman na wenzake walifanya tiba ya mama na mtoto mdogo kwa pamoja, chumba kimoja, kila wiki kwa mwaka mzima, kwa mama waliopigwa na wenzi wao. Utafiti wao wa mwaka 2005, wenye jozi 75 za mama na mtoto, ulionyesha watoto wamepungukiwa na dalili na matatizo ya tabia, na mama nao wamepungukiwa na tabia ya kukwepa kumbukumbu. Minnesota, timu ya Abigail Gewirtz iliandaa mafunzo ya malezi ya wiki 14 kwa familia za askari waliorudi kutoka vitani, familia 336. Mafunzo yaliboresha malezi, na wazazi walipoanza kujiona wana uwezo juu ya malezi yao, hali yao wenyewe ya kihisia nayo ilipata nafuu. Hilo ndilo linalovunja hoja ya "apone kwanza". Kumsaidia mtu awe mzazi bora ni sehemu ya kumponya, maana linamrudishia kitu ambacho ugonjwa ulimwambia amekipoteza.

Na Moshi imo kwenye historia hii. Watafiti wakiongozwa na Shannon Dorsey walifanya Moshi na Bungoma, Kenya, utafiti wa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi na wenye dalili za kiwewe. Watoto walikaa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mmoja mmoja, na walezi wao nao walikuwa na vikundi vyao sambamba. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa jamii waliofundishwa na kusimamiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwisho wa tiba watoto hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, na mjini upande wa Moshi ni mojawapo. Utafiti huo ulimlenga mtoto aliyeumia, si mzazi. Lakini umeonyesha kwamba hapa hapa kwetu, kwa Kiswahili, mtoto na mlezi wanaweza kuhudumiwa sambamba bila kungoja daktari bingwa apatikane kila kata.

Yanayosemwa mtaani

"Yaliyopita si ndwele, asikumbushwe." Kumlazimisha mtu asimulie kila kitu siku mbili baada ya ajali, kwenye ukumbi uliojaa watu, kweli si vizuri, na Shirika la Afya Duniani halishauri kikao kimoja cha lazima cha namna hiyo. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, chakula, ndugu zake, taarifa za kweli na msikilizaji asiyemchokonoa. Lakini ugonjwa ukishakaa miezi, kunyamaza ndiko kunakoulinda. Mgonjwa hakumbushwi na tiba, anakumbuka kila usiku bila tiba.

"Ni mapepo." Anayetaka kuombewa aombewe, na wapo wachungaji na masheikh wanaoelewa hili vizuri na ndio wanaowapeleka watu hospitali. Kinachoniuma ni pale mtu anapoambiwa kwamba bado anaumwa kwa sababu imani yake ni ndogo. Huo ni uzito juu ya uzito.

"Mzazi mwenye kiwewe ni hatari." Wengi wao hawampigi mtu yeyote. Wanaumia kimya, na wengi ni wazazi wanaojitahidi kupita kiasi ili mtoto asipitie waliyopitia. Maneno haya ndiyo yanayowafanya wafiche, wakiogopa kwamba wakisema kliniki watanyang'anywa watoto. Ni kweli Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto anayeumizwa, na panapokuwa na hatari mtoto hutolewa mahali hapo kwanza, hilo halina mjadala. Lakini mzazi anayekwenda mwenyewe kuomba msaada anafanya kile ambacho sheria hiyo ingemtaka afanye.

"Mtoto lazima atarithi." Hatari huongezeka, haiwi hukumu. Watoto wengi wa wazazi wenye ugonjwa huu hukua vizuri, hasa wakiwa na mtu mzima mwingine mmoja wa kutegemewa: bibi, shangazi, mwalimu.

Na dawa? Baadhi ya dawa za kutibu sonona husaidia, zikiandikwa na daktari. Diazepamu ya kununua dukani ili ulale ni jambo lingine. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013 wa kutotumia dawa za kundi hilo kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio, na mtu anaweza kuzizoea akashindwa kuziacha.

Pa kuanzia

Arusha, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mount Meru. Kwa Kilimanjaro ni Mawenzi, na KCMC ni ya rufaa ya kanda. Zote zina huduma za afya ya akili. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuandika rufaa, na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri anaweza kusaidia upande wa familia. Panapokuwa na kipigo au ubakaji, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi. Simu 116 ni ya bure kwa habari yoyote inayomhusu mtoto, na mzazi anaweza kupiga, si mtoto tu.

Ukifika kliniki, usiseme tu kwamba hulali. Sema una watoto wangapi, wa umri gani, na jambo gani nyumbani linakushinda zaidi: kelele, usiku, kuwagusa, kuwaruhusu watoke. Hayo yasipoulizwa, yaseme mwenyewe, kwa sababu yanabadilisha namna tiba inavyopangwa. Kama wewe ndiye ndugu unayemsindikiza mgonjwa, kabla ya kuondoka pale muulizane siku ya kikao kijacho nani atabaki na watoto kuanzia mchana mpaka walale.